Fundi wa Newala anauliza: Kijiji kinaweza kunitoza faini kwa gauni nililoshona?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu kijijini, wilaya ya Newala. Mwezi uliopita nilikwenda ofisi moja ya serikali kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Mlinzi akanizuia getini, kisa gauni langu limeishia magotini. Akanionyesha bango lenye picha za nguo zilizokatazwa, akaniambia nikakodi kanga kwa mama aliyekaa nje, shilingi 1,000. Nikakodi, nikaingia. Sasa na huku kijijini kuna maneno. Baada ya malipo ya korosho mabinti wamekuja na mitindo mingi, wazee wamechukia, na serikali ya kijiji inataka kutunga sheria ndogo ya mavazi ya heshima: faini 30,000 kwa mvaaji na 30,000 kwa fundi aliyeshona. Baba mdogo anasema ni haki, enzi za Mwalimu vijana wa TANU waliwashughulikia wenye vimini na suruali za kubana, na zamani mavazi yetu yalikuwa ya stara, haya ya leo ni kuiga. Lakini bibi yangu mzaa mama, mtu wa Kilwa Kivinje, aliwahi kuniambia kwamba hiyo zamani wapo waliokatazwa kujifunika kichwa hata wakitaka. Nani mkweli? Na sheria hii ikipita, nitafungwa kwa kushona?"

Marahaba, fundi. La kufungwa likutoke moyoni kwanza. Tanzania Bara haina sheria ya nchi inayopima urefu wa gauni la raia mtu mzima, na hayo yanayosemwa kijijini kwenu bado ni maneno, hayajawa sheria. Tutafika huko. Lakini kazi yangu ni historia ya sheria, na naona rasimu yenu imejengwa juu ya "zamani" ambayo baba mdogo anaikumbuka nusu. Kwa hiyo naomba nianze na bibi.

Bibi yako mkweli. Katika miji ya pwani yetu ya kusini, Kilwa Kivinje, Lindi, Mikindani, nguo ya karne ya 19 ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mtu. Muungwana alivaa kanzu, kofia au kilemba, na viatu. Mtumwa mwanamume alifunga shuka kiunoni, mwanamke alifunga kaniki, kitambaa cheusi, chini ya makwapa, kichwa wazi, miguu peku. Mtumwa aliyevaa kofia au viatu mbele ya bwana wake alihesabiwa amekosa adabu, na adabu hiyo ilirudishwa kwa kiboko. Haikuhitaji kuandikwa popote. Kujifunika ilikuwa haki ya waliokuwa huru, kwa hiyo waliokatazwa stara walikuwapo, tena wengi, kwa sababu Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuuzia watu waliotolewa upande wa Ziwa Nyasa.

Tena si mambo ya mbali sana. Zanzibar utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Huku Bara Wajerumani hawakuufuta moja kwa moja. Uliondolewa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Bibi yake bibi yako angeweza kuyaona kwa macho yake. Na waliopata uhuru walifanya jambo ambalo ningependa wazee wa kijiji walisikie: wanawake wengi waliokuwa watumwa Unguja waliiacha kaniki, wakajifunga kanga za rangi, baadaye wakavaa buibui, kwa sababu sasa hakuna wa kuwazuia. Nguo ambayo leo inatajwa kama kanuni ya kumbana binti, wao waliivaa kutangaza kwamba hawana bwana.

Hapo hapo niseme neno kuhusu "mavazi yetu ya asili", maana baba mdogo ameligusa na wengi hulirudia. Kanga tunayoijua ilianza kuvaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kabla yake kulikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani kupitia Zanzibar. Kilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini mwa nchi hiyo, kisha kikaja kuwavika watumwa wa Kilwa. Kabla ya merikani kulikuwa na nguo za India. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaeleza watu wa Kilwa Kisiwani kuwa wamevaa hariri, pamba na nyuzi za dhahabu, yaani nguo zilizokuja kwa jahazi. Huku bara kuna waliovaa magome ya miti. Na huko kwenu Newala, Mjerumani Karl Weule alipofika mwaka 1906 alikuta wanawake wa Kimakonde wenye ndonya mdomoni na chale usoni, na hayo ndiyo yaliyokuwa mapambo ya heshima. Mzee anayesema "turudi kwenye asili yetu" ni haki aulizwe: asili ya mwaka gani?

Sasa kiini cha jambo. Kwa nini jamii nyingi, za dini zote na mabara yote, zimejaribu kutawala nguo? Ukizisoma sheria hizo utaona nyingi hazikuandikwa wakati watu wanavaa vibaya. Ziliandikwa wakati watu wa chini wameanza kumudu. Nguo ilikuwa ghali, na ughali wenyewe ulitosha kuwatenga watu. Fedha ikiingia mikono mipya, wa juu hawawezi tena kumtambua wa chini kwa macho. Hapo ndipo sheria huandikwa, na hupewa jina la maadili.

Mfano ninaoupenda ni wa Uingereza, mwaka 1363. Miaka 15 hivi nyuma yake tauni ilikuwa imeua watu wengi mno, vibarua wakawa adimu, ujira ukapanda. Wakulima na wachungaji wakaanza kuvaa vizuri. Bunge likatunga sheria ya kupanga nani avae kitambaa cha bei gani: mkulima wa plau na mchunga ng'ombe asiye na mali ya shilingi 40 asivae zaidi ya kitambaa kizito cha bei ya chini kabisa. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuzuia anasa na israfu. Sheria ile ilifutwa na Bunge lililofuata, zikatungwa nyingine na nyingine, hadi mwaka 1604 zikafutwa zote. Sasa soma tena barua yako: "baada ya malipo ya korosho mabinti wamekuja na mitindo." Huko kwenu msimu ukiwa mzuri wauza mitumba na vitenge huzifuata fedha hadi vijijini, na binti aliyebangua au kuokota korosho ana pesa yake mwenyewe mfukoni, hakumwomba baba wala mume. Sisemi wazee wana nia mbaya. Nasema kinachowashtua huenda kina zaidi ya magoti ndani yake.

Warumi nao, mwaka 215 Kabla ya Kristo, katikati ya vita, waliwawekea wanawake kikomo cha dhahabu nusu wakia na kuwakataza nguo za rangi nyingi. Vita vikaisha, sheria ikabaki. Mwaka 195 wanawake wakajaa barabarani kuwasihi wanaume waliokuwa wakienda kupiga kura, ikafutwa. Japani ya watawala wa Tokugawa, wafanyabiashara walikatazwa kujionyesha kwa hariri. Mafundi wenzako wakashona pamba ya kawaida nje na bitana ya hariri ndani. (Fundi siku zote yuko hatua moja mbele ya sheria ya mavazi, hilo lisikupe kiburi.) Paris, amri ya polisi ya mwaka 1800 ilimtaka mwanamke anayetaka kuvaa mavazi ya kiume aombe kibali, na serikali ya Ufaransa ilitangaza rasmi kwamba amri hiyo haina nguvu tena mwaka 2013. Majirani zetu Malawi, chini ya Kamuzu Banda, walikuwa na sheria tangu mwaka 1973 iliyomkataza mwanamke suruali na sketi inayoonyesha magoti, na mwanamume nywele ndefu. Iliondoka na mfumo wa chama kimoja miaka ya 1990.

Si kila kanuni ya nguo ni ya cheo au ya wanawake, niwe mkweli. Nyingine ni za biashara: mwaka 1571 Uingereza ililazimisha watu wa kawaida kuvaa kofia ya sufu siku za Jumapili ili wafumaji wa sufu wapate kazi. Ubishi wetu wa mitumba na viwanda vya ndani ni ndugu wa hiyo. Nyingine ni za afya, na hizo naziunga mkono, kama katazo la TBS, shirika la viwango, la nguo za ndani za mitumba.

Nije kwa baba mdogo. Anachokumbuka kilitokea kweli. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, Dar es Salaam isionekane sketi fupi, wigi, krimu ya kuchubua ngozi, wala suruali ya kubana. Asichokitaja ni mambo mawili. La kwanza, hawakusubiri Januari. Oktoba hiyo hiyo makundi ya vijana yaliwavamia wanawake maeneo ya Kariakoo, na polisi ilibidi waingilie kati. La pili, wananchi walibishana sana magazetini, wapo waliounga mkono kwa moyo wote na wapo waliouliza: kama sketi fupi imetoka Ulaya, suti na tai za viongozi zimetoka Rufiji? Halafu miaka hiyo hiyo upande wa Arusha kulikuwa na kampeni ya kuwavisha Wamasai suruali, kwa hoja kwamba lubega linaacha mwili wazi na ni aibu kwa taifa jipya. Binti wa mjini ameambiwa ameiga Uzungu mno, Mmasai ameambiwa hajaiga vya kutosha. Nia ya kujenga taifa ilikuwepo na siidharau, ila waliobebeshwa mzigo wa kulijenga kwa nguo zao hawakuwa wale waliotoa amri.

Sasa getini. Bango uliloliona kwa kawaida limetokana na Waraka wa Utumishi wa Umma Namba 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma. Waraka huo ni maelekezo ya mwajiri kwa wafanyakazi wake. Wewe si mtumishi wake. Ofisi inaweza kuweka utaratibu wa kuingia kwenye majengo yake, na sitakudanganya kwamba mlinzi hana la kusema kabisa. Lakini waraka wa watumishi haugeuki kuwa sheria ya jinai kwa raia, na kukunyima huduma unayostahili kwa sababu ya gauni la magotini ni jambo ambalo ofisi inapaswa kulitolea maelezo. Na ile kanga ya 1,000 isiyo na stakabadhi, hiyo ni biashara ya mtu. Siku nyingine uliza kwa upole: kuna kanuni iliyoandikwa kwa wageni? Nionyesheni. Wakishindwa, omba kumwona afisa wa malalamiko au mkuu wa kitengo. Ukiwa na haraka na mtoto mgongoni, weka kanga yako kwenye mkoba uingie umalize shida yako. Hakuna atakayekuhesabia kushindwa. Kumbuka hata bungeni, mahali penye kanuni zilizoandikwa, Juni 2021 mbunge mwanamke alitolewa nje kwa sababu ya suruali aliyovaa, na nchi nzima ikabishana kama inabana au haibani. Kanuni ya nguo ikishaandikwa bado mwamuzi wake ni jicho la mtu, na macho hayafanani.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi na rasimu ya kijiji chenu. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo, lakini haina nguvu mpaka wanakijiji washirikishwe kwenye mkutano na halmashauri ya wilaya iipitishe. Isigongane na Katiba wala na sheria ya Bunge. Mgambo si hakimu, na faini yoyote halali ina stakabadhi. Ukiambiwa leo ulipe 30,000 kwa sheria ambayo wilaya haijaipitisha, usilipe. Omba uonyeshwe nakala yenye idhini ya wilaya.

Una njia tatu, kila moja na gharama yake. Ya kwanza ni kuipinga rasimu yote mkutanoni. Una haki hiyo kama mkazi yeyote aliyetimiza miaka 18, lakini kijiji ni kidogo, na mwanamke anayesimama peke yake kutetea "vimini" anaweza kupoteza wateja hata akiwa na hoja nzuri. Ya pili ni kunyamaza na kushona kimyakimya. Ni salama kwa mwezi mmoja, halafu ikipita utakuwa umekubali kwa kunyamaza. Ya tatu, ambayo ningeichagua mimi, ni kwenda na maswali badala ya msimamo, tena usiende peke yako, nenda na mafundi wenzako na mama mmoja mzee anayeheshimika. Ulizeni: mavazi ya heshima yatapimwaje, na nani? Mwanamume kifua wazi akitoka kupulizia mikorosho, naye atalipa? Mabinti walionunua mnadani au Masasi, muuzaji wao atatozwa, au ni fundi wa hapa tu? Mimi nikishona gauni la kulalia, au nguo ya ngoma, nitajuaje itavaliwa wapi? Hoja ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana kifungu cha kumtoza fundi kinaadhibu kazi kwa kosa la mtu mwingine ambalo huenda lisitokee. Nadhani kifungu hicho kitaanguka kikijadiliwa mchana kweupe. Wazee nao wapewe lao: watu kukubaliana kwamba msibani, msikitini, kanisani au kwenye mkutano wa kijiji tuje tumejisitiri, bila faini, ni jambo ambalo jamii yoyote inaruhusiwa kuliomba, na mabinti wengi watalikubali.

Kuna sheria moja ya mavazi ambayo wewe kama fundi lazima uiogope kweli. Raia haruhusiwi kuvaa sare za majeshi bila idhini, na nguo zinazofanana nazo zitakuletea matata. Mwaka 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku saba kwa raia waliokuwa nazo kuzisalimisha. Kijana akikuletea kitambaa cha mabaka ya kijeshi umshonee kaptula au kofia, mrudishie kitambaa chake, hata kama amekinunua mnadani mbele ya watu.

Haya niliyoandika ni maelezo ya mtu wa historia ya sheria, si uwakili. Ukipata nakala ya rasimu, mpelekee msaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hawatozi, ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya itakuelekeza aliko wa karibu. Mwanasheria wa halmashauri pia anaweza kuulizwa. Usisubiri ushauri wowote, wangu wala wa mtu mwingine, kama mtu atamshika au kumchania nguo binti yeyote kwa kisingizio cha maadili. Hilo ni kosa la jinai, shambulio la aibu, sheria ndogo iwepo au isiwepo. Mpeleke binti huyo polisi siku hiyo hiyo, Dawati la Jinsia na Watoto, na kama ameumia chukueni PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mwende naye hospitali, nguo iliyochanwa mkiitunza bila kuifua.

Na kama mkutano umeshapita kabla hujasoma haya, bado hujachelewa. Andika barua ya malalamiko kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, saini nyingi ziwe za mafundi, eleza kifungu cha fundi peke yake kwa ukurasa mmoja, na usiondoke masijala bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.